Je, wajua kwa nini dokumentari ya kesi ya mauaji inaweza kukupotosha bila kuonyesha picha hata moja ya uongo?

Desemba 18, 2015 Netflix waliachia Making a Murderer, sehemu 10, stori ya Steven Avery wa kaunti ya Manitowoc, jimbo la Wisconsin huko Marekani, na ndani ya wiki chache tu watu zaidi ya 100,000 walikuwa wameshasaini ombi kwenda Ikulu ya kule wakitaka jamaa aachiwe. Wengi wao hawajawahi kufungua hata ukurasa mmoja wa faili la kesi. Januari 2016 Ikulu ikajibu kwamba rais hana mamlaka ya kumsamehe mtu aliyehukumiwa na mahakama ya jimbo, yaani hata angetaka hawezi, na kisheria likaishia hapo, ila kwa watazamaji ndo kwanza kumekucha.

Sasa kinachoshangaza ni hiki: mule ndani hamna mwigizaji. Mahakama ni yenyewe, simu za gerezani ni zenyewe, machozi ya mama wa mshtakiwa ni yenyewe. Inakuwaje basi aliyeangalia na aliyesoma kumbukumbu za mahakama watoke na kesi mbili ambazo hata hazifanani?

Anza na mpangilio. Avery alishakaa jela miaka 18 kwa kosa la ubakaji ambalo hakulifanya, DNA ikamtoa 2003, akafungua kesi ya madai ya dola milioni 36 dhidi ya kaunti na wakubwa wa zamani wa kaunti hiyo, halafu 2005 wakati kesi hiyo bado ya moto akakamatwa kwa mauaji ya mpiga picha mmoja wa kike aliyekuwa na umri wa miaka 25, na 2007 akapigwa kifungo cha maisha. Hayo yote ni kweli na hayana ubishi. Lakini ukimpa mtu sehemu ya kwanza nzima inayoeleza jinsi polisi walivyomfunga mtu asiye na hatia, hata kabla mauaji yenyewe hayajatajwa vizuri tayari umeshampa jicho la kuangalia kila kitakachofuata, polisi akikohoa tu unamshuku. Waliokuwa wanaamua kesi mahakamani hawakupewa mambo kwa mpangilio huo, wao walianza na maiti.

Halafu kuna vilivyoachwa. Upande wa mashtaka ulilalamika sana kwamba sehemu zile 10 hazikutaja kuwa Avery siku ile alimpigia marehemu mara mbili akiwa ameficha namba yake, na wala hazikutaja DNA yake iliyokutwa kwenye komeo la boneti ya gari la marehemu. Mawakili wake wana majibu yao kwa vyote viwili, sisemi hivyo vinamaliza kesi. Ila mtazamaji hakupewa nafasi hata ya kuyasikia hayo majibu maana hakujua kuna swali. Watengenezaji wakasema kesi ilichukua wiki nyingi, huwezi kuingiza kila kitu, wao walichukua ushahidi mzito. Ni kweli huwezi kuingiza kila kitu, nakubali, lakini kuamua kipi ni kizito ndiyo kazi yenyewe ya kuamua kesi!

Kuna na ile ya paka. Kwenye dokumentari Avery mwenyewe anaielezea kama utoto, walikuwa wanacheza tu, akamrusha paka juu ya moto akashika. Rekodi za kesi ya 1982 zinasema paka alimwagiwa petroli na oili kwanza, ndo akatupwa motoni. Tukio ni lilelile, tofauti ni nani amepewa maiki.

Mfano ulionikaa zaidi lakini ni ule wa kichupa cha damu. Kuna tukio wakili wa utetezi anafungua boksi la ushahidi wa zamani, anakuta kichupa chenye damu ya Avery, na juu ya kizibo cha mpira kuna kitundu kidogo, muziki unapanda, wakili anapiga simu kwa furaha, na wewe ulipo unasema hapo hapo, wamechota damu wakaimwaga kwenye gari la marehemu! Sasa muulize mtu yeyote wa maabara. Vichupa vya aina ile damu huingizwa kwa sindano kupitia kizibo chenyewe, kitundu ni lazima kiwepo, kisingekuwepo ndo ingekuwa maajabu. Picha ni ya kweli, kitundu ni cha kweli, furaha ya wakili nayo ni ya kweli, na mtazamaji anaondoka na kitu ambacho sicho.

Hiyo inatuleta kwenye meza ya kuediti. Huko Urusi miaka ya 1910 hivi mwishoni kulikuwa na mtu wa sinema anaitwa Lev Kuleshov, alichukua picha ya uso wa mwigizaji mmoja ambao hauonyeshi chochote, akaubandika kabla ya bakuli la supu, kisha jeneza, kisha mwanamke. Inasimuliwa kwamba watu waliona njaa, wakaona huzuni, wakaona tamaa, na uso ulikuwa ule ule. Mahakamani kuna nyuso za hivyo kibao, mtu amekaa saa sita anasikiliza wataalamu wakiongea, hana hata habari. Mwediti anachukua sekunde 3 za uso huo anaziweka pale shahidi anaposema neno gumu, na wewe unaona mtu mwenye hatia anameza mate. Alimeza mate saa ngapi hasa? Hujui na hutaambiwa.

Na si nyuso tu, hata maneno. Polisi mmoja wa Manitowoc aliwashtaki Netflix Desemba 2018 kwa kumchafulia jina, na moja ya vitu alivyoleta ni hiki: mahakamani wakili alimuuliza kama anaelewa kwamba mtu akisikiliza simu aliyopiga kituoni anaweza kudhani alikuwa amesimama anaangalia namba ya gari la marehemu, upande wa mashtaka ukapinga swali, jaji akakubali pingamizi, swali likafa. Baadaye akaulizwa swali jingine la kawaida tu, kwamba simu ile ilifanana na mamia mengine anayopiga kuulizia namba za magari, akajibu ndiyo. Kwenye dokumentari hiyo "ndiyo" imekuja baada ya lile swali la kwanza. Machi 2023 jaji wa shirikisho akaitupa kesi yake, na sababu kubwa ni kwamba sheria ya Marekani inamtaka mtumishi wa umma aonyeshe waliomchafua walijua ni uongo au hawakujali kabisa, na hilo hakulithibitisha. Kwa hiyo anayedhani mahakama zitamlinda mtazamaji na mkasi wa mwediti, sahau.

The Jinx ya 2015 nayo ina lake. Robert Durst, tajiri wa New York aliyekuwa anashukiwa kwa mauaji, anaingia chooni baada ya mahojiano maiki ikiwa bado iko hai mwilini, anaongea peke yake, na dokumentari inafungwa na sauti yake akijiuliza amefanya nini halafu anajijibu kwamba amewaua wote, bila shaka. Dunia nzima ikasisimka. 2019 nakala kamili ya yale maneno ikaonekana mahakamani, kumbe sentensi zilihamishwa, ile ya kuwaua wote alisema mapema kati ya minong'ono mingine, na lile swali lilikuja baadaye. Swali na jibu havikuwa swali na jibu. Durst alihukumiwa 2021 kwa mauaji ya rafiki yake ya mwaka 2000, akafa Januari 2022.

Hapo sasa ndo penye utamu wa mada hii, na ndipo watu wengi huchanganya. Waliediti vile, na bado jopo la raia wanaoamua kesi likamkuta na hatia kwa ushahidi mwingine. Kuwa na upande ni jambo moja na kukosea ni jambo lingine. Angalia The Thin Blue Line ya Errol Morris, 1988: Randall Dale Adams alihukumiwa kifo kwa kumuua polisi Dallas mwaka 1976, baadaye ikawa kifungo cha maisha, Morris akaja kutengeneza filamu tofauti kabisa kuhusu daktari wa akili aliyekuwa anatoa ushahidi kwenye kesi za adhabu ya kifo, akakutana na Adams, akaanza kupekua. Filamu ile ina upande waziwazi, ina muziki wa kutisha, ina matukio yameigizwa upya mara kadhaa, mpaka kwenye tuzo za Oscar haikuingizwa kundi la dokumentari. Mwisho wake kuna sauti ya kaseti, kwa sababu kamera iliharibika siku ile, ambapo shahidi mkuu wa serikali anakaribia kabisa kukiri kuwa muuaji ni yeye. 1989 Adams akatoka. Kama Morris angekaa katikati akagawa dakika sawa kwa sawa, sijui kama mtu yule angetoka.

Ila Morris alifanya kitu ambacho wengi hawafanyi: yale maigizo yake yanaonyesha kila shahidi alivyodai, yanagongana, na kwa kugongana unaona nani anababaisha. Hakuigiza kile yeye anachoamini kwamba ndicho kilitokea. Wengi leo wanaigiza toleo moja tu, kwa ukungu na mwendo wa polepole, na baada ya wiki moja kichwa chako kinakumbuka kama ulikuwepo.

Na kwa nini dokumentari nyingi za aina hii huegemea upande wa mshtakiwa? Watu husema ni njama, mi naona sababu ni ya kawaida zaidi. Aliyefungwa anataka kuongea, familia yake inataka kuongea, wakili wake anafungua mlango na makabrasha. Upande wa pili waendesha mashtaka wanabanwa na maadili ya kazi na rufaa zinazoendelea, na familia ya marehemu wengi hawataki kumuona mtu wa kamera tena maishani. Mtengenezaji anakaa miaka na upande mmoja, anakula nao, analia nao. Kwenye The Staircase, kesi ya Michael Peterson wa North Carolina ambaye mke wake alikutwa amekufa chini ya ngazi Desemba 2001, mmoja wa waediti alikuja kuwa mpenzi wa mshtakiwa kwa miaka mingi. Muongozaji anasema haikugusa kazi. Inawezekana. Ningependa tu kuambiwa hilo kabla sijabonyeza play.

Gharama ya haya yote mara nyingi inamwangukia mtu wa pembeni. Kesi ya West Memphis, Arkansas, watoto watatu wa miaka 8 waliuawa 1993 na vijana watatu wakafungwa, mmoja akisubiri kifo, na zile dokumentari za Paradise Lost zilisaidia sana mpaka wakatoka Agosti 2011 kwa makubaliano ya kisheria yanayomruhusu mtu kukubali adhabu huku akisema hana hatia. Kazi kubwa, sina ubishi. Lakini ya pili ya mwaka 2000 ilimnyooshea kidole baba wa kambo wa mmoja wa watoto, ya tatu ikamwacha huyo ikahamia kwa baba wa kambo mwingine. Huyo wa kwanza hakuwahi kushtakiwa kwa mauaji hayo. Miaka kumi na zaidi watu wasiomjua walimwita muuaji, mwanawe ndiye aliyekufa, na hakuna rufaa ya kukata dhidi ya filamu.

Mwaka 2023 kesi ya Avery ikapata dokumentari nyingine, Convicting a Murderer, hii inasema jamaa ni muuaji na Netflix walidanganya. Wakarudisha vilivyoachwa, vizuri, na muziki wao, na mpangilio wao, na nyuso zao za sekunde 3. Nakala za kesi yenyewe ziko mtandaoni, kurasa kwa maelfu, zinachosha kweli kweli, ila hazina muziki. Kama huna muda wa kuzisoma, na wengi hatuna, basi subiri maandishi meupe ya mwisho yanayopita haraka huku watu wakitafuta rimoti, pale panapoandikwa nani aliombwa kuhojiwa akakataa. Soma hayo majina, halafu jiulize kwenye yale masaa yote uliyokaa ni mara ngapi umesikia upande wa hao watu, na kwa mdomo wa nani.