Dawa ya meno haizibi mkwaruzo wa gari

Wengi huamini kuwa ukisugua mkwaruzo kwa dawa ya meno, rangi inarudi. Hairudi. Chembe zake hulainisha tu kingo za mchubuko mwepesi kwenye klia, tabaka angavu la juu ambalo kwa kawaida lina unene wa mikroni 40 hadi 50, jembamba kuliko unywele. Masalia meupe nayo huuficha mkwaruzo kwa muda. Ukiosha gari, unaonekana tena.

Osha sehemu hiyo, ikauke, kisha pitisha ukucha ukikatiza mkwaruzo. Ukucha usiponasa, kompaundi (dawa ya kung'arishia rangi ya gari) kidogo kwenye kitambaa cha maikrofaiba inatosha: sugua kwa mkono, futa, kagua kwenye mwanga, rudia.

Ukucha ukinasa, acha kusugua. Utaimaliza klia ya pembeni, na jua litapausha hapo mpaka sehemu nzima ipigwe rangi upya. Nunua rangi ya kugusia kwa namba ya rangi iliyo kwenye kibati cha gari (mara nyingi kipo fremu ya mlango wa dereva), uidondoshe kwa ncha ya kijiti cha meno, matabaka mawili au matatu membamba, kila moja likauke. Bati likionekana, tangulia na praima (rangi ya msingi) siku hiyo hiyo, kutu haisubiri.