Wadudu wa malale wanatenganishwaje na damu?

Wengi tukisikia kupima damu tunawaza tone moja kwenye kioo, hadubini, mdudu huyo hapo. Malaria mara nyingi ni hivyo, ila kwa malale, ugonjwa wa usingizi unaoenezwa na mbung'o, hii ya Congo na Afrika Magharibi inayoletwa na mdudu Trypanosoma brucei gambiense, haiendi hivyo kabisa, maana mililita moja ya damu ina chembe nyekundu kama bilioni 5 na wadudu wenyewe wanaweza wasifike hata 100, sasa utawaonea wapi? Ndo maana maabara inabidi wawatoe kwanza.

Kinachosaidia hapo ni chaji ya umeme. Chembe nyekundu na mdudu wote kwa nje wana chaji hasi, lakini ya chembe imezidi. Basi wanachukua kibomba kama cha sindano, ndani kuna unga wa selulosi uliotiwa kemikali inaitwa DEAE, huo una chaji chanya, damu inamiminwa juu halafu inafuatishiwa bafa ya fosfeti, yaani maji yanayoshikilia pH isibadilike, yenye chumvi na glukosi, pH 8 hivi, chembe zinanasa kwenye selulosi na wadudu wanateremka na maji wakiwa hai. Hiyo glukosi usiidharau, ndo chakula chao, wakifa humo njiani kazi imeharibika kwa sababu mdudu wa malale unamtambua kwa kule kujinyonganyonga kwake. Yale maji yanazungushwa kwa kasi kwenye mashine ya sentrifuji, wadudu wanajikusanya kwenye ncha ya mrija, na ncha ndo inayoangaliwa.

Mtafiti Lanham alionyesha njia hii mwaka 1968, baadaye ikawa seti ndogo ya vifaa ya kubeba mpaka vijijini, inaitwa mAECT, na INRB, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kinshasa, wanaitengeneza wenyewe, kitu ambacho mimi kinanifurahisha sana.

Na kumwona mdudu kwanza ilikuwa lazima, kwa sababu dawa ya zamani ya hatua ya pili, yaani wadudu wakishaingia kwenye ubongo, melarsoprol, ina aseniki na ilikuwa inaua wagonjwa kama 5 kati ya 100, humchomi mtu hiyo kwa kumshuku tu.

Wadudu wa malaria hawatoki hivi, wao wako ndani ya chembe yenyewe. Huko inatumika sumaku: mdudu akila himoglobini chuma kinabaki kwenye vifuwele vya hemozoini, yaani mabaki ya mlo huo, kwa hiyo chembe yenye mdudu aliyekomaa inanaswa na sumaku kali, zenye wadudu wachanga zinapita tu na zile nzima.