Rimu ya aloi yenye ufa haiponi kwa kuchomelewa

Imani hii ni ya miaka mingi: rimu ya aloi ikipata ufa, fundi hodari akiichomelea inarudi kuwa imara kama mpya. Kwa macho, ndiyo. Mshono ukisagwa na kupakwa rangi, huuoni tena.

Tatizo liko ndani. Rimu nyingi za aloi ni alumini iliyochanganywa na silikoni na magnesi kidogo. Ikishamiminwa kwenye kalibu, kiwandani huchomwa upya kwenye tanuri lenye joto la karibu nyuzi 540 za Selsiasi, hupozwa ghafla, kisha hurudishwa kwenye joto dogo kwa saa kadhaa. Uimara wake hutoka humo. Moto wa kuchomelea huiharibu kazi hiyo: sehemu inayopakana na mshono hulainika, na ufa mpya mara nyingi huanzia hapohapo pembeni. Tena alumini, tofauti na chuma, haiwi nyekundu kabla ya kuyeyuka, kwa hiyo hata fundi makini hapati dalili kwamba amezidisha moto.

Mikwaruzo ni jambo jingine. Ile ya juujuu isagwe na kupakwa rangi bila wasiwasi. Ukingo uliopinda kidogo nao unaweza kunyooshwa kwa mashine, mradi ukaguliwe kama una nyufa.

Lakini ufa kwenye spoki au karibu na matundu ya nati, usibembeleze: nunua rimu nyingine. Hapo ndipo mzigo wa gari na nguvu ya breki hupitia, na ikikatika itakatika gari likiwa kwenye mwendo.