Ule mstari mwekundu wa simu unapima nini hasa kwenye mkao wako?

Siku hizi kila nikifungua WhatsApp nakuta picha ya mtu kasimama upande, mstari mwekundu umetoka sikioni mpaka kifundoni, na apu imemwandikia kichwa kimetoka mbele digrii kadhaa, halafu swali ni lile lile, "daktari, mgongo wangu umeharibika?" Mimi ni mfizio, mtaalamu wa tiba ya viungo, hapa Lamu na jambo hili linanigusa sana, kwa sababu watu wanatiwa hofu na namba ambayo hakuna aliyewaeleza imetoka wapi.

Mstari wenyewe si kitu kipya, ni timazi, ile ile ya fundi anayejenga ukuta wa mawe. Kabla ya simu mtu alikuwa anasimamishwa kando ya uzi wenye uzito chini, na tulivyofundishwa uzi upite kwenye ndewe la sikio, katikati ya bega, kwenye nyonga, mbele kidogo ya katikati ya goti na mbele kidogo ya kifundo cha mguu. Hapo kifundoni ndipo penye mambo. Uzito ukiwa mbele ya kifundo maana yake mwili muda wote unataka kuanguka mbele na misuli ya shavu la mguu inauvuta urudi, kwa hiyo hakuna binadamu anayesimama tuli kabisa, hayuko. Msimamishe mtu kwenye lile bamba la maabara la kupimia nguvu za miguu, utaona ile nukta ya uzito inazunguka mbele nyuma kushoto kulia na yeye mwenyewe anaapa hajatikisika, akifumba macho ndio inazidi. Sasa picha moja imekukamata ukiwa wapi katika kuyumba huko?

Na ile pembe ya shingo inapimwa hivi: unachukua kile kinyama kidogo kilicho mbele ya tundu la sikio, unavuta mstari mpaka pingili ya saba ya shingo, ile inayotokeza ukiinama, kisha unapima mstari huo na usawa wa ardhi. Watafiti wengi wanasema ikishuka chini ya digrii 50 hivi basi kichwa kimesogea mbele. Kipimo si kibaya, mimi mwenyewe nakitumia, lakini lazima pingili uitafute kwa kidole na uweke alama, kamera isimame sawa, na mtu asiambiwe "simama vizuri" maana akisikia tu hivyo anajikaza na namba inabadilika. Mama aliyevaa buibui, apu inakisia tu hiyo pingili iko wapi.

Hata eksrei ina mipaka yake. Daktari Mmarekani John Cobb ndiye aliyetuachia mwaka 1948 njia ya kupima uti wa mgongo uliopinda kwenda upande, mpaka leo inatumika dunia nzima, na pembe ikifika digrii 10 ndio tunasema mtoto ana tatizo hilo. Lakini filamu moja wakiipima madaktari wawili wanaweza kupishana digrii 5 hivi, kwa hiyo mzazi akiambiwa pembe imeongezeka digrii 2 asikose usingizi.

Sasa la maumivu. Kule Perth, Australia, utafiti uliotoka 2016 ulipima shingo za vijana 1,108 wa miaka 17 wakiwa wamekaa, wakawagawa makundi manne kwa mkao, na makundi hayo hayakutofautiana kwa maumivu ya shingo wala ya kichwa. Na ile habari inayozunguka kwamba ukiinamia simu shingo inabeba kilo 27, imetoka kwenye hesabu ya kompyuta ya 2014, hakuna shingo ya mtu hai iliyopimwa pale.

Kipimo ninachokiheshimu zaidi ni cha presha ndani ya diski, ile mito laini iliyo kati ya pingili na pingili. Alf Nachemson wa Sweden alianza miaka ya 1960, anaingiza sindano kwenye diski ya mtu hai, na mwaka 1999 Wajerumani wakamwekea mtu mmoja kifaa ndani ya diski ya kiunoni. Akisimama kikasoma megapaskali (kizio cha presha) 0.5, akikaa bila kuegemea 0.46, akijilegeza kwenye kiti 0.27 tu! Ila alipoinua kilo 20 kwa kuinama mgongo ikapanda mpaka 2.3, na alipokunja magoti 1.7. Ni mtu mmoja tu huyo, tusisahau, lakini inaonyesha kuwa mzigo ndio unaobadilisha mambo kuliko kukaa kivivu barazani.

Ndio maana mimi nahangaika zaidi na mahamali wanaoshusha simiti kwenye jahazi, na fundi wa majahazi wa kijiji cha Matondoni anayeshinda ameinama kwenye mbao, na bibi aliye juu ya mbuzi anakuna nazi za harusi nzima. Wafini, watu wa Finland, walitengeneza mwaka 1977 njia ya kumwangalia mfanyakazi wa kiwanda cha chuma na kuandika mkao wa mgongo, mikono na miguu, pamoja na mzigo, kila baada ya muda fulani, na hiyo haihitaji mashine, karatasi na kalamu basi. Na miili yetu tayari imeshawafundisha watafiti: mwaka 1986 na tena 1995 walipima wanawake wa hapa Kenya wanaobeba kichwani, wakakuta mzigo mpaka asilimia 20 ya uzito wa mwili hauwaongezei matumizi ya nguvu wakitembea.

Kwa hiyo ukitaka nikuangalie, usinitumie picha ya kusimama, nitumie video ukiwa kazini, simu iwe imetulia usawa wa kiuno, kutoka ubavuni, dakika kadhaa, na uniambie unabeba nini na mara ngapi kwa siku. Kama una ganzi sehemu za siri au mkojo hautoki au mguu umeishiwa nguvu, hiyo usitume chochote, nenda hospitali leo leo. Na mtoto ukiona bega moja limepanda, avue shati ainame mbele miguu imenyooka, umwangalie kwa nyuma, upande mmoja wa mbavu ukiinuka kuliko mwingine mlete.