Hema halivuji, ni pumzi zenu

Wengi wanaolala hemani kwa mara ya kwanza kule Menengai au kando ya Ziwa Nakuru huamka wakakuta matone yametanda juu na blanketi limelowa upande wa miguuni. Papo hapo aliyewauzia hema analaaniwa: eti kawapa kitu kinachovuja. Ila mvua yenyewe haikunyesha.

Maji hayo yametoka kwenu. Anayelala hutoa mvuke kwa pumzi na jasho usiku kucha. Mji wa Nakuru uko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na Menengai inafika mita 2,278, kwa hiyo usiku usio na mawingu baridi huingia upesi. Kitambaa cha hema hupoa kuliko hewa iliyo ndani, na mvuke ukikigusa hugeuka matone, kama vioo vya matatu iliyojaa abiria siku ya mvua.

Kinachozidisha mambo ni kufunga kila zipu “baridi isiingie”. Mvuke utapitia wapi? Acheni upenyo juu na chini, wavu wa mbu ubaki umefungwa. Nguo mbichi zilale nje. Na jiko la makaa lisiingie ndani hata kama moto unaonekana umekufa. Gesi yake ya kaboni monoksidi haina harufu, na inaua.

Bado una shaka na muuzaji? Tazama mishono. Hema linalovuja huloa kwenye mshono au tundu. Unyevu wa pumzi hutanda kote.