Kwa nini risasi nyingine huishia begani

Mezani kwangu hapa Nairobi nina risasi mbili nilizozitoa mwilini mwa nyati waliouawa baada ya kuvamia makazi ya watu. Zote ni za .375, yaani kipenyo cha milimita 9.5, na zilipokuwa mpya kila moja ilikuwa na gramu 19.4. Ya kwanza imechanua kama uyoga na bado ina karibu uzito wake wote. Niliikuta chini ya ngozi ya upande wa pili, ikiwa imeshapita mapafu yote mawili. Ya pili ni koti la shaba tupu, limechanika kama ganda la ndizi. Kiini chake kilisagikia kwenye mfupa wa bega. Nyati huyo alijificha kichakani siku mbili na jeraha lake, kando ya njia ambayo watoto hupitia kwenda shule.

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Hata hivyo, maafisa wa wanyamapori bado hulazimika kumpiga risasi mnyama aliyeua mtu, na wasomaji wetu wa Tanzania, ambako uwindaji wa kitalii ni halali, hutuuliza swali moja: bunduki gani inafaa? Mimi huwarudisha kwanza kwenye risasi yenyewe.

Risasi ya ncha laini ina kiini cha madini ya risasi (ndiyo maana Kiswahili kikaipa jina hilo) ndani ya koti la shaba lililoachwa wazi mbele. Ikigonga nyama, ncha hufunguka na kipenyo kinaweza kufika mara mbili ya kile cha awali. Jeraha huwa pana, mnyama hufa upesi. Lakini upana huo una gharama. Mwavuli uliofunguliwa hausukumiki kwenye upepo kama uliofungwa, na risasi iliyochanua mno, au iliyomeguka, husimama kabla ya kufika kwenye moyo. Hilo si tatizo kwa mnyama kama swala, kifua chake ni chembamba. Kwa nyati, mwenye ngozi nene, misuli ya bega iliyoshiba na mbavu pana, ni hatari.

Kasi nayo huwapotosha wengi. Mtu hudhani kwamba akimpiga mnyama kwa karibu, risasi itazama zaidi. Kwa ncha laini mara nyingi ni kinyume: katika hatua 30 risasi bado ina kasi kubwa, huchanua kwa nguvu na kuvunjika, ilhali ileile katika mita 200 hufunguka taratibu na kuzama zaidi. Mmarekani John Nosler alilijua hilo kwa uchungu mwaka 1946 huko Kanada, risasi zake ziliposhindwa kupenya bega la moose (mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu) aliyejaa tope lililokauka. Akabuni risasi yenye ukuta katikati: sehemu ya mbele huchanua, ya nyuma hubaki nzima na kuendelea kusukuma. Siku hizi zipo pia ambazo kiini kimeshikamanishwa na koti, na za shaba tupu zisizoacha chembe za madini ya risasi, ambayo ni sumu, ndani ya nyama wala kwenye mzoga wanaoula tumbusi. Kwa nyati, mimi ningechagua mojawapo ya hizo.

Kwa ndovu na kiboko, risasi iwe ngumu, isiyochanua kabisa, nzito kwa kipenyo chake, na yenye ncha butu. Mskoti W. D. M. Bell, aliyewinda ndovu Karamoja, Uganda, mwanzoni mwa karne ya 20, aliwaangusha wengi kwa risasi ngumu za milimita 7 tu, kwa sababu zilikuwa ndefu na zilikwenda moja kwa moja hadi kwenye ubongo. Nasisitiza: Bell alilijua fuvu la ndovu kwa kulipasua. Asiye na ujuzi huo asishuke chini ya .375.

Linaloniumiza zaidi ni risasi ya kijeshi. Nayo ni ngumu, lakini ncha yake ni kali na uzito umelalia nyuma, hivyo ikishaingia mwilini hupinduka na kuacha mstari wake. Afisa anayeitwa usiku kwenye shamba la mahindi akiwa na silaha hiyo tu anaweza kufyatua mara kumi, na mnyama bado akamjia.

Kabla ya kugawa risasi za ncha laini, kikosi chochote kinaweza kuzipima katika uwanja wake wa shabaha. Loweka magazeti ya zamani usiku kucha, yafunge bunda nene, piga kutoka hatua 30, kisha chambua karatasi hadi uipate risasi na uiweke kwenye mzani. Ikiwa imepoteza zaidi ya theluthi moja ya uzito wake, mimi nisingemkabidhi afisa anayekwenda kumkabili nyati.