Gari la spoti la milango miwili: jua ugonjwa wake kabla ya kulipenda

Gari la spoti la milango miwili linalosukumwa na tairi za nyuma likiuzwa kwa bei ya gari dogo la familia, ipo sababu, na mafundi wa aina hiyo wanaijua kwa jina. Kwa BMW ya mfululizo wa 3, kizazi cha E46, ni sakafu ya nyuma na mfumo wa kupoza injini. Kwa Mazda RX-8, ninayoihesabu humu ingawa ina vilango viwili vidogo vya ziada nyuma, ni kompresheni, yaani nguvu ya injini kubana hewa. Kwa Nissan 350Z ni oili. Kwa Toyota GT86 na pacha wake Subaru BRZ ni springi za valvu. Mnunuzi anayetazama rangi, rimu na kilomita anakagua vitu vitatu ambavyo muuzaji anaweza kuvipamba ndani ya wikiendi moja.

Kwa hiyo mimi huanzia upande wa pili: chagua kwanza ugonjwa unaoweza kuutibu, ndipo uchague gari. Na katika fedha ulizonazo, tenga robo nzima kwa ajili ya matengenezo ya miezi mitatu ya mwanzo. Ukitumia zote kununua, utakuwa na gari zuri lililopaki.

GT86 na BRZ

Hili ndilo ninalolipendekeza kwa mtu anayeingia kwenye magari haya mara ya kwanza. Lilitoka mwaka 2012 likiwa na injini ya FA20, boksa (silinda zake zimelala ubavu) ya lita 2.0 yenye nguvu za farasi 200, na uzito wa kilo 1,240 hivi. Matoleo mengi ya gia ya mkono yana difu (kigawa nguvu cha tairi za nyuma) ya Torsen, inayojifunga tairi moja ikianza kuteleza, na tairi zote nne ni saizi moja, kwa kawaida 215/45R17. Hilo la tairi lina faida kubwa kuliko linavyoonekana: unaweza kuzihamisha mbele na nyuma zikaisha kwa usawa, jambo lisilowezekana kwa gari lenye tairi pana nyuma.

Magari ya 2012 na 2013 yaliitwa na watengenezaji mwaka 2018 ili yabadilishwe springi za valvu, kwa kuwa baadhi zilikuwa zinavunjika. Kuzibadilisha kwenye injini ya boksa si kazi ndogo. Injini hushushwa, kifuniko cha mbele hufunguliwa, kisha hufungwa upya kwa silikoni. Hapo ndipo tatizo la pili lilipozaliwa: fundi akipaka silikoni nyingi, ziada inabanwa kuingia ndani, inakatika, inazunguka na oili mpaka inaziba njia. Zipo injini zilizokufa muda mfupi baada ya kazi hiyo. Muulize muuzaji mambo mawili: je, kazi ilifanyika, na gari limetembea kilomita ngapi tangu hapo? Gari lililofanyiwa kazi na likatembea makumi ya maelfu ya kilomita bila kelele ni bora kuliko lililotoka gereji juzi.

Mlio kama wa nyenje kutoka pampu ya petroli ya shinikizo la juu unaudhi lakini hauui injini. Unyevu ndani ya taa za nyuma nao ni wa kawaida kwa magari ya mwanzo. Beringi ya klachi ni jambo jingine: ukisikia mkwaruzo gari likiwa limesimama, nao unanyamaza ukiigusa pedali ya klachi kidogo tu, hesabu kazi ya kushusha giaboksi. Nguvu kupungua kati ya mizunguko 3,500 na 4,500 kwa dakika si ubovu, ndivyo injini hiyo ilivyo. Usikubali kuuziwa "tiba" yake kabla hujalizoea gari.

Kizazi cha pili, kilichotoka 2021 na injini ya lita 2.4, kimeziba pengo hilo la nguvu, ingawa nacho kina historia ya vipande vya silikoni kukwama kwenye chujio la bomba linalonyonya oili ndani ya sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini. Anayelipeleka gari hilo kwenye uwanja wa mashindano ashushe sampu ndogo na kulitazama chujio hilo kwanza.

350Z

Hapa injini ndiyo mvuto: V6 ya lita 3.5. Lakini usiseme "nataka 350Z", sema unataka ya mwaka gani, kwa sababu kuna injini tatu tofauti chini ya boneti inayofanana kwa mbali.

Ya kwanza, VQ35DE ya farasi 287, ni ngumu na ya kuaminika. Udhaifu wa magari ya mwanzo uko kwenye giaboksi: gia ya tatu na ya tano hukwaruza kwa sababu sinkronaiza, pete zinazolinganisha mwendo wa gia, zimechoka. Matoleo ya baadaye ya giaboksi hiyo, hasa lenye alama CD009, yaliponya hilo, na mengi ya mwanzo yamekwisha kuwekewa hilo. Injini ya pili, yenye farasi 300, iliwekwa kwenye baadhi ya magari ya gia ya mkono ya 2005 na kwenye yale ya 2006, na inajulikana kwa kula oili. Ukikuta gari la miaka hiyo, chomoa dipstiki kabla hujasalimiana vizuri na muuzaji. Kama oili iko chini ya alama ya mwisho, mwenyewe halijui gari lake, au analijua sana.

Ya tatu, VQ35HR ya 2007 na 2008, ndiyo tamu kuliko zote, na ndiyo yenye mtego. Nyuma ya kifuniko cha mbele cha injini kuna gasketi za karatasi zinazofunga njia za oili. Zinapasuka, oili inavuja humo humo ndani bila tone kuonekana chini ya gari, na shinikizo linashuka. Tiba ni gasketi za chuma. Vipande vyenyewe ni vya bei ndogo, lakini kuvifikia ni kufungua mbele yote ya injini. Bahati nzuri, gari lenyewe linasema ukweli: katikati ya dashibodi kuna geji ya oili. Endesha dakika 20 mpaka injini ipate moto sawasawa, simama, toa gia, acha mafuta. Mshale ukilala karibu na sifuri, shuku gasketi. Soma pia kompyuta ya gari. Misimbo ya hitilafu P0011 na P0021 inaendana na hali hiyo, kwa kuwa vifaa vya kugeuza muda wa valvu vinategemea shinikizo hilo hilo la oili. HR ina pia silinda ndogo ya klachi iliyofichwa ndani ya kengele ya giaboksi (ganda linalofunika klachi). Ikivuja, pedali inabaki sakafuni, na giaboksi lazima lishuke. Ukifika huko, badilisha na klachi yote.

Kwa aina zote tatu, sikiliza mgongano wa mbele unapofunga breki kwa mwendo mdogo. Ni bushi za mikono ya mbele, zenye kimiminika ndani, zilizopasuka.

Asiyeona umuhimu wa jina la Z atafute Skyline ya V35 ya milango miwili, ambayo nje ya Japani iliuzwa kama Infiniti G35. Chesisi ni ile ile, injini ni ya familia ile ile, ina viti vya nyuma, na magari yake mengi hayakuchakazwa kwa kuserereka (drifti).

E46

318Ci, 320Ci, 325Ci na 330Ci zina usukani ambao magari mengi mapya hayajaufikia. Lakini plastiki za mfumo wa kupoza zina umri wake. Chupa ya maji, pampu, tharmostati na mabomba vihesabu kama seti moja ya kubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi, hata kama havijavuja. Chupa hupasuka ubavuni ghafla, mshale wa joto unapanda ukiwa barabarani, na kwenye injini za silinda sita joto hilo huharibu nyuzi za bolti za kichwa ndani ya bloku ya aluminiamu. Gasketi mpya peke yake haitoshi hapo. Muuzaji akisema "ilichemka mara moja tu", shukuru, ondoka.

Kisha sakafu. Fremu inayobeba difu na mikono ya nyuma imefungwa kwenye bodi kwa pointi nne, na bati linalozunguka pointi hizo huchanika kwa kuchoka. Pandisha gari, futa tope kwa brashi, mulika kila pointi kwa tochi ukitafuta ufa mwembamba, rangi iliyopasuka kama utando wa buibui, au simenti ya bodi iliyopakwa juzi. Inua na zulia la buti utazame kwa juu. Tiba ya kweli ni kushusha fremu yote, kuchomelea ufa na kuongeza sahani za chuma. Gari lililokwisha kuimarishwa hivyo, lenye picha za kazi, lina thamani zaidi kuliko ambalo "halijawahi kuguswa".

RX-8

Ni gari zuri ajabu kuliendesha, na nisingemzuia mtu anayelitaka. Ila injini yake ni ya rota, vipande vya pembe tatu vinavyozunguka badala ya pistoni, kwa hiyo usilinunue bila karatasi ya kompresheni. Kipimo cha kawaida cha injini za pistoni hakifai, kwa sababu kinasoma kilele kimoja tu, huku kila rota ina nyuso tatu zinazofanya kazi zamu kwa zamu. Kinahitajika kifaa cha injini za rota kinachotoa namba sita: tatu kwa kila rota. Injini ikiwa ya moto, namba zikirekebishwa kwa mzunguko wa 250 kwa dakika, kiwango cha chini cha Mazda ni kilopaskali 680. Urekebishaji huo ni muhimu. Stata yenye kasi zaidi hupandisha namba, na injini iliyochoka ikaonekana ina afya.

Huna kifaa? Endesha mpaka ipate moto, zima, subiri dakika kumi, washa. Ikizungushwa muda mrefu ndipo ishike, sili za rota zinazozuia kompresheni isivuje zimekwisha.

Ukilinunua, badilisha koili zote nne mapema, pamoja na plagi na waya zake. Koili dhaifu huacha petroli bila kuungua, petroli hiyo inaungulia kwenye katalisti (kisafisha moshi cha ekzosi), katalisti inayeyuka na kuziba, joto linarudi kwenye rota. Injini nyingi zimekufa kwa njia hiyo. Angalia oili kila unapojaza petroli, maana injini hii inachoma oili kwa makusudi ili kulainisha sili. Na usiwashe gari kulisogeza mita tano kisha ukazima: petroli inajaa ndani na haitawaka tena kirahisi.

Siku ya kukagua

Mwambie muuzaji asiwashe gari kabla hujafika, kisha weka kiganja juu ya boneti. Injini iliyokwisha kupashwa moto imefichwa kitu. Washa na usikilize sekunde thelathini za mwanzo. Mlio wa cheni ya taimingi husikika hapo na kutoweka baadaye.

Barabarani, ukiwa gia ya nne kwa mwendo mdogo, kanyaga mafuta yote. Mizunguko ikipanda na mwendo ukabaki, klachi inateleza. Achia na kukanyaga mafuta kwa ghafla mara kadhaa: "ko" moja nzito kutoka nyuma ni bushi ya difu au mpira wa propela.

Halafu difu yenyewe, kwa kuwa magari haya hutumiwa sana kuserereka na wengine huichomelea ili tairi zote mbili zizunguke pamoja. Zuia tairi za mbele kwa magogo, inua nyuma yote juu ya stendi imara, tia gia ya kwanza injini ikiwa imezimwa, halafu zungusha tairi moja kwa mkono. Difu ya kawaida na Torsen zitaiachia, na tairi ya pili itazunguka kinyume. Difu ya viskasi, inayojifunga kwa kimiminika kizito, kama ile ya 350Z nyingi, itaachia polepole na kwa uzito. Difu inayojifunga kwa sahani za klachi itagoma mpaka utumie nguvu nyingi. Iliyochomelewa haitasogea kabisa. Ukiwa hapo chini, pitisha mkono ndani ya matao ya tairi za nyuma: vipande vya mpira vilivyoganda na kingo zilizopindwa vinaeleza gari liliishije.

Soma tarehe kwenye tairi. 3519 ni wiki ya 35 ya mwaka 2019. Tairi za nyuma zisizofanana, moja mpya na moja kipara, huilazimisha difu inayojifunga kufanya kazi hata kwenye barabara iliyonyooka, na huimaliza.

Baada ya kununua

Badilisha vimiminika vyote bila kujali unachoambiwa. FA20 inachukua lita 5.4 za oili, silinda sita ya E46 lita 6.5. Ikate chujio ya zamani kwa msumeno wa chuma, ikunjue karatasi yake na uitazame juani: vumbi la kijivu ni la kawaida, chembe za rangi ya shaba ni beringi za krenki. Kwenye giaboksi za GT86 na 350Z tia oili ya gia ya daraja la GL-4, si GL-5, kwa sababu viungo vya GL-5 vinaweza kuila shaba ya sinkronaiza. GL-5 ni ya difu. Legeza nati ya kujazia kabla ya ile ya kumwagia, la sivyo utabaki na giaboksi tupu na nati iliyogoma. Oili ya breki iwe DOT 4 mpya, ibadilishwe kila miaka miwili.

Alaimenti (kupanga pembe za tairi) ifanywe mwisho, baada ya bushi zote, na mtu wa uzito wako akiwa amekaa kwenye kiti cha dereva. Omba karatasi ya vipimo vya kabla na baada. Tairi za nyuma zikiwa zimefunguka mbele hata kidogo, gari litayumba ukifunga breki kwenye kona, na hakuna shokapu ya gharama itakayolituliza.